Anayeuliza kuhusu kuunganisha orodha apewe karatasi kabla ya kupewa jibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie swali lililochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wako wa teknolojia, ambapo mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha ya kuandikia programu iitwayo Java aliomba asaidiwe kuunganisha orodha mbili za mnyororo ziwe orodha moja. Waliomjibu walikuwa wa namna mbili. Wapo waliomwandikia msimbo wote, yaani maagizo yote ya programu, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nao ulikuwa sahihi. Na wapo waliomkumbusha kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa mara nyingi na kwamba angelitafuta angeliona. Nimekuwa nikiwafundisha wanaoanza kuandika programu kwa miaka kadhaa sasa, na kwa maoni yangu makundi yote mawili, ingawa yanatofautiana sana kwa ukarimu, yamemwacha mwanafunzi yule palepale alipokuwa. Wa pili hawakumpa kitu. Wa kwanza wamempa kitu ambacho hatajua akitumieje siku swali litakapobadilika hata kidogo, kwa sababu hakulalamika kwamba amekosa mistari ya msimbo. Alilalamika kwamba orodha yake mpya inatoka pungufu, na kwamba hajui nambari zilizokosekana zimepotelea wapi.

Swali hilo la zimepotelea wapi ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni swali zuri kuliko alilodhani ameuliza, na halina jibu ndani ya msimbo uliokamilika, kwa kuwa msimbo uliokamilika haupotezi nambari.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, orodha ya mnyororo ni namna ya kuhifadhi data ambayo kila kipande chake, tunachokiita nodi, hubeba vitu viwili: thamani, tuseme nambari, na rejeleo, yaani kielekezi kinachoonyesha ilipo nodi inayofuata katika kumbukumbu ya kompyuta. Nodi hazikai bega kwa bega kama zinavyokaa thamani za safu, ambazo hupangwa mfululizo mahali pamoja katika kumbukumbu. Zinaweza kutawanyika popote, na kinachozifanya ziitwe orodha ni yale marejeleo tu. Anayeishika nodi ya kwanza ameishika orodha nzima, na anayelipoteza rejeleo moja la katikati amepoteza kila kilichokuwa nyuma yake. Nodi ya mwisho haielekezi kokote, na hali hiyo katika Java huandikwa null. Kwa msimbo, nodi yenyewe haizidi mistari hii:

class Nodi {
    int thamani;
    Nodi inayofuata;
}

Msomaji ataona kwamba majina nimeyaandika kwa Kiswahili, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Kompaila ya Java, yaani programu inayoutafsiri msimbo ili kompyuta iutekeleze, haijali tunayabuni majina yetu kwa lugha gani; inachodai ni kwamba maneno yake yenyewe, kama class na int, yabaki kama yalivyo, na kwamba jina letu lisianze kwa tarakimu wala lisiwe na nafasi katikati. Hata hivyo wanafunzi wengi hufika kwangu wakiamini kwamba programu iliyoandikwa kwa majina ya Kiswahili haitafanya kazi, na hivyo hujifunza mambo mawili kwa mkupuo mmoja, jambo lenyewe na msamiati wa kigeni wa jambo hilo, kisha wakikwama hawajui wamekwama katika lipi. Mwanafunzi anaposoma kwa sauti kwamba inayofuata ya mkia sasa ni a (mkia ni jina la nodi ya mwisho, na a ni jina la nodi nyingine), anasikia kile ambacho kompyuta inaenda kufanya. Atakuja kuyajua majina ya Kiingereza baadaye, na atalazimika kuyajua kwa sababu atafanya kazi na wenzake wa mataifa mengine, lakini si lazima yawe mlango wa kuingilia.

Kiswahili kinasaidia pia mahali pengine ambapo sikupategemea hapo awali. Jambo la kwanza ninalomuuliza anayetaka kuunganisha orodha mbili ni hili: unataka kuziunganisha vipi? Kiingereza cha mafunzo mara nyingi huzibeba kwa kitenzi kimoja kazi ambazo kwa kweli ni tatu, na anayeanza huchukua jibu la kazi moja akalibandika kwenye nyingine. Sisi tunaweza kuzitenga kwa urahisi. Ipo kazi ya kuambatisha, ambayo kichwa cha orodha ya pili hufungwa kwenye mkia wa orodha ya kwanza na mambo yakaisha. Ipo kazi ya kupishanisha, ambayo unachukua nodi moja huku na moja kule kwa zamu, kama asukaye ukili. Na ipo kazi ya kuunganisha kwa mpangilio, ambayo orodha zote mbili zimekwisha kupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa na tunataka orodha moja iliyopangwa vilevile. Mwanafunzi wa ukurasa wako alitaja kwamba orodha zake zimepangwa, kwa hiyo alikuwa na kazi ya tatu, lakini mmoja wa waliomjibu alimpa ya kwanza, na hakuna aliyelisema hilo.

Kazi hii ya tatu ina heshima yake. Ndiyo moyo wa mbinu ya kupanga data kwa kugawanya na kuunganisha, ambayo John von Neumann aliibuni mwaka 1945, na mpaka leo Java inapopanga orodha ya vitu hutumia mbinu ya ukoo huohuo. Anayeielewa kwa nodi tano ameielewa kwa nodi milioni tano.

Sasa niruhusu, Ndugu Mhariri, nieleze kilichotokea nilipokaa na kijana mmoja aliyekuwa na tatizo linalofanana sana na la mwanafunzi wako. Alikuwa na orodha mbili, ya kwanza ikiwa na 3, 8 na 15, na ya pili ikiwa na 5 na 9. Alitarajia 3, 5, 8, 9, 15. Programu yake ilimpa 3, 5, 9. Alipofika kwangu alikuwa amekwisha kuibadili alama ya ulinganishi mara kadhaa, kutoka ndogo kuliko hadi ndogo au sawa na kurudi tena, akiamini kwamba kosa liko hapo, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo programu inaonekana kuamua jambo. Mistari iliyokuwa na shida ilikuwa hii, ambamo a ni mahali tulipofika katika orodha ya kwanza na mkia ni nodi ya mwisho ya orodha mpya:

mkia.inayofuata = a;
mkia = a;
mkia.inayofuata = null;
a = a.inayofuata;

Ningeweza kumwambia palepale kwamba mstari wa tatu na wa nne vibadilishane nafasi, au kwamba mstari wa tatu ufutwe kabisa kwa kuwa hauhitajiki, naye angeondoka baada ya dakika moja akiwa na programu inayofanya kazi. Badala yake nilimpa karatasi, kalamu ya risasi na kifutio. Nilimwomba achore visanduku vitano vyenye nambari zake na mishale inayoviunganisha, na kisanduku kimoja kitupu pa mkia kuanzia, kisha akate vipande vitatu vidogo vya karatasi, aandike a juu ya kimoja, b (mahali tulipofika katika orodha ya pili) juu ya cha pili na mkia juu ya cha tatu, na kila kipande akiweke kando ya kisanduku kinachohusika. Kisha tukakubaliana kanuni moja: kila mstari wa msimbo unaruhusu tendo moja tu. Ama unahamisha kipande cha karatasi kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, ama unafuta mshale mmoja na kuchora mwingine mahali pake.

Kanuni hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo robo tatu ya somo lote, na sijaiona ikielezwa waziwazi mara nyingi kama inavyostahili. Ukiona upande wa kushoto wa alama ya sawa pana jina peke yake, kama mkia = a, basi kinachohama ni kipande cha karatasi; orodha yenyewe haijaguswa hata kidogo. Ukiona upande wa kushoto pana nukta, kama mkia.inayofuata = a, basi kinachobadilika ni mshale wa kweli ulio ndani ya nodi, na kila anayeitazama nodi hiyo kwa jina lolote lile atauona mshale huo mpya. Mistari hiyo miwili inafanana machoni kama mapacha, na anayeanza huisoma kana kwamba inafanya kazi moja. Haifanyi kazi moja. Mmoja unasogeza kidole juu ya ramani, mwingine unahamisha barabara.

Basi kijana akaanza. Mstari wa kwanza, akachora mshale kuingia kisanduku cha 3. Mstari wa pili, akakihamisha kipande cha mkia, na sasa vipande viwili, mkia na a, vikawa vimelala kando ya kisanduku kimoja. Mstari wa tatu, akashika kifutio na kuufuta mshale uliotoka 3 kwenda 8, akaandika null mahali pake. Alifanya hivyo bila kusita, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema: alitaka kuitenga nodi ya 3 na orodha yake ya zamani kabla ya kuendelea. Mstari wa nne ulimtaka akipeleke kipande cha a kwenye nodi inayofuata. Akaweka kidole juu ya kisanduku cha 3 akitafuta mshale wa kuufuata, na mshale haukuwapo. Alikaa kimya muda mrefu kidogo, akakitazama kisanduku cha 8 na cha 15 vilivyobaki upande wa pili wa karatasi bila mshale wowote unaoviingia, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, ni mimi mwenyewe niliyeukata."

Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa amegundua kwa mkono wake kwamba mkia na a hazikuwa nodi mbili, zilikuwa majina mawili ya nodi moja, na kwamba ukikata mshale kwa kupitia jina moja umeukata pia kwa jina la pili. Kwa kuwa a sasa ilikuwa null, kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia, kilidhani orodha ya kwanza imekwisha, kikatoka, na mstari wa mwisho ukafunga mabaki ya orodha ya pili, yaani 5 na 9. Ndipo 3, 5, 9 zilipotokea. Alama ya ulinganishi haikuwa na hatia yoyote.

Akauliza swali ambalo sikulitarajia: kama 8 na 15 bado zimo katika kumbukumbu, kwa nini kompyuta haikulalamika? Jibu ni kwamba katika Java nodi ambayo haifikiwi na jina lolote wala mshale wowote huhesabiwa kuwa taka, na kuna sehemu ya mfumo inayopita kwa wakati wake na kuikusanya kumbukumbu hiyo itumike tena. Kwa kawaida jambo hilo ni baraka, kwa kuwa mwanaprogramu hahangaiki kurudisha kumbukumbu kwa mkono. Kwa anayejifunza orodha za mnyororo, baraka hiyo inaficha kosa. Programu haikuvunja sheria yoyote. Ilitii kila mstari, na mistari ile ndiyo iliyoamuru nambari mbili ziachwe. Hapo utaona kwa nini anayeanza hawezi kulipata kosa hili kwa kusubiri ujumbe wa hitilafu, na kwa nini mchoro unampa kile ambacho skrini haimpi.

Kuchora huku si jambo la kitoto, wala halikubuniwa na walimu wa watoto. Orodha za mnyororo zilianzishwa mwaka 1955 na 1956 na Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon walipokuwa wakitengeneza programu ya kuthibitisha kanuni za mantiki, na makala ambayo Newell na Shaw waliitoa mwaka 1957 tayari ilikuwa na michoro ya visanduku na mishale. Waliobuni jambo lenyewe walilichora. Ninashangaa kila ninapomwona mwanafunzi akiona aibu kushika kalamu mbele ya kompyuta, kana kwamba kuchora ni kukiri udhaifu.

Nimekutana na makosa mengine mawili mara nyingi kiasi kwamba nadhani mwanafunzi wa ukurasa wako atakutana nayo pia. La kwanza ni kusahau kukisogeza kipande cha a baada ya kuichukua nodi yake. Katika mfano wetu, nodi ya 3 inafungwa kwenye mkia, mkia unahamia hapo, lakini a nayo imebaki hapohapo. Mzunguko unaofuata unailinganisha 3 na 5 kwa mara nyingine, unaichagua 3 tena, na safari hii mshale wa nodi ya 3 unaelekezwa kwenye nodi ya 3 yenyewe. Kitanzi hakina mwisho. Skrini inabaki tupu, feni ya kompyuta inaanza kuvuma, na mwanafunzi anafikiri mashine imeharibika. Ukimwambia achore, atachora mshale unaotoka kwenye kisanduku na kurudi kwenye kisanduku kilekile, na hutahitaji kumweleza zaidi.

La pili linatokea mwishoni. Kitanzi kinaendelea maadamu orodha zote mbili zina kitu, kwa hiyo kinapokoma orodha moja imekwisha na nyingine ina mabaki. Katika mfano wetu tunalinganisha 3 na 5, kisha 8 na 5, kisha 8 na 9, kisha 15 na 9. Ni ulinganisho mara 4 kwa nodi 5, na kazi hii haiwezi kudai ulinganisho zaidi ya idadi ya nodi zote ukiondoa moja. Hapo orodha ya pili imekwisha, na 15 imebaki peke yake. Wanaosahau mabaki hupata 3, 5, 8, 9, nao hushangaa. Wasiosahau mara nyingi huandika kitanzi kingine cha kuyabeba mabaki moja baada ya moja, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kufanya kwa safu. Hapa hakuna haja. Mabaki yamekwisha kuungana yenyewe kwa yenyewe, na yamekwisha kupangwa. Kinachotakiwa ni mshale mmoja kutoka kwenye mkia hadi kwenye nodi ya kwanza ya mabaki, hata kama nyuma yake zipo nodi elfu kumi. Hapo ndipo ninapopenda kumwacha mwanafunzi akae na jambo hilo kidogo, kwa sababu ndipo anapouona uzuri wa orodha ya mnyororo ambao safu haina.

Kuhusu mwanzo wa orodha mpya, wote waliomwandikia mwanafunzi msimbo walitumia nodi ya bandia, yaani nodi isiyo na thamani ya maana inayotangulizwa ili mkia uwe na mahali pa kusimama kabla nodi ya kwanza ya kweli haijachaguliwa. Ni hila nzuri na ninaifundisha. Lakini hakuna aliyemweleza kwa nini ipo, na asiyejua kwa nini ipo huirudisha pamoja na orodha, akapata 0 mwanzoni mwa jibu lake. Kinachorudishwa ni inayofuata ya nodi hiyo ya bandia. Ninaona ni vyema mwanafunzi aandike kwanza bila hila hii, asumbuke kidogo na swali la nani awe kichwa, ndipo aonyeshwe jinsi kisanduku kimoja cha ziada kinavyoufuta usumbufu huo wote. Na ahakikishe mbinu yake, yaani kipande cha programu kinachoitwa kwa jina ili kifanye kazi moja, inarudisha kichwa kipya kwa aliyeiita, kwa kuwa Java huikabidhi mbinu nakala ya rejeleo tu. Kipande cha karatasi ukikihamisha ndani ya mbinu, cha nje hakisogei.

Ujumbe wa hitilafu nao unastahili neno. Mwanafunzi yeyote wa orodha hizi ataugonga ukuta wa null, yaani ataomba inayofuata ya kitu ambacho hakipo. Rejeleo tupu la namna hii lilianzishwa na Tony Hoare mwaka 1965 alipokuwa akibuni lugha ya ALGOL W, naye mwaka 2009 alisema hadharani kwamba lilikuwa kosa lake lenye thamani ya dola bilioni moja. Zamani Java ilikuwa ikitaja mstari wa kosa peke yake. Tangu toleo la 15 la mwaka 2020 hutaja pia, bila kuwekewa mpangilio wowote wa ziada, ni sehemu gani ya mstari iliyokuwa null, na kama umetumia majina ya lugha yako utaona humo neno inayofuata likikutazama. Ninawaomba wanafunzi wausome ujumbe huo hadi mwisho na waueleze kwa Kiswahili kabla ya kunionyesha. Walio wengi hawanionyeshi tena, kwa sababu wakishaueleza wamekwisha kulipata kosa.

Nisieleweke kwamba ninapinga kumsaidia mtu kwa msimbo. Kumnyima jibu mtu aliyekwama ukijisifu kwamba unamfunza ni ukatili wa aina yake, na wale waliomwambia mwanafunzi akatafute mwenyewe walimwumiza bure. Mimi humwandikia anayeanza mstari wa kitanzi, kwamba kiendelee maadamu a si null na b si null, kwa sababu mstari huo ukikosewa kila kitu kingine kinaonekana kimekosewa. Humwambia pia kwamba thamani zikiwa sawa achukue ya orodha ya kwanza, ili vitu vyenye thamani moja vibaki katika mpangilio vilivyokuja nao. Hilo hawezi kuligundua kwa nambari tupu, maana 5 moja haina tofauti na 5 nyingine. Ninachokizuia ni ile mistari mitatu au minne ya katikati, ambamo vipande vinahama na mishale inabadilika. Hiyo aipate mwenyewe, kwa kifutio.

Kuna waliomshauri aandike mbinu inayojiita yenyewe, ambayo kwa kweli ni fupi na inapendeza. Aijue, lakini baadaye. Kila nodi inaongeza mwito mmoja juu ya mwingine, na kwa orodha yenye makumi ya maelfu ya nodi Java inaweza kuishiwa nafasi ya kuhifadhi miito hiyo na programu ikasimama.

Na wapo waliosema asijisumbue, kwa kuwa Java ina orodha ya mnyororo iliyokwisha kutengenezwa tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998, nayo ina amri ya kuongeza orodha moja mwishoni mwa nyingine na amri ya kupanga. Hilo ni kweli, na kazini ndivyo atakavyofanya. Tena mara nyingi atachagua orodha inayotumia safu, kwa sababu kompyuta za leo husoma haraka zaidi data iliyokaa pamoja. Lakini orodha hiyo ya Java imezificha nodi zake zote, na amri yake ya kuongeza hainyooshi mshale kutoka orodha moja kwenda nyingine, inatengeneza nodi mpya kwa kila thamani. Hutajifunza rejeleo kwa kutumia kitu kilichotengenezwa ili usilione. Nalo rejeleo haliishii kwenye orodha za mnyororo: kila kitu anachokiumba mwanafunzi huyu katika Java, awe anaandika programu ya hesabu za benki au ya ratiba za wagonjwa, atakishika kwa jina ambalo ni kipande cha karatasi kilicholala kando ya kisanduku. Siku moja majina mawili yatalala kando ya kisanduku kimoja naye hatajua, na kitakachopotea hakitakuwa 8 na 15.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Ukurasa wako unapojibu swali la namna hii, chapisha mchoro wa visanduku kabla ya msimbo, na pale nafasi inapokuwa finyu, chapisha mchoro peke yake. Na kwa mwanafunzi aliyeuliza, kama anaisoma barua hii: chora orodha zako mbili, tembeza vipande vyako mstari kwa mstari kama ulivyouandika msimbo wako, si kama ulivyokusudia kuuandika, na utazame ni wapi mshale unafutwa kabla mtu hajaufuata. Ukishafika mwisho, jaribu tena orodha moja ikiwa tupu, kisha zote mbili zikiwa tupu, kisha thamani mbili zikiwa sawa. Ukikwama, andika tena katika ukurasa huu, safari hii ukiambatisha karatasi yako hata kama imejaa alama za kifutio, nami nitakujibu.

Wako,
Mwalimu wa uandishi wa programu